Nani Anashika Kashe?

Ndugu musomaji, dada musomaji, tarehe 20 Desemba 2023 ulisimama mu mustari mbele ya mashine ya kura. Mu Lubumbashi siku ile tulichagua mara ine: Rais wa Jamhuri, depite wa inchi, depite wa jimbo, na kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, mushauri wa komine. Ikiwa unakaa Likasi ao Kipushi ulichagua mara tatu tu; tutarudilia jambo hilo. Ulirudi nyumbani na wino ku kidole, ukasema mu roho: sasa wakubwa wangu nimewaweka mimi mwenyewe.

Basi tuhesabu pamoja. Tangu siku ile, ni wakubwa gani wamegusa maisha ya nyumba yako? Mutoto alizaliwa, ulienda ku biro ya komine kumuandikisha. Ulinunua parseli, ukaingia mu mikono ya konservatere wa hati za ardhi, na kila mutu wa Lubumbashi anajua namna usingizi unavyopotea wakati hati mbili zinatokea kwa parseli moja. Jirani amesogeza lupango yake, ulienda kwa shefu wa kartie. Mama anauzisha unga ku soko, anajua mutu wa takse hata kwa kivuli chake. Kati ya watu hawa wote, ni jina la nani ulilionaka ku mashine ya kura? Hata moja.

Wengine wanalalamika: "Depite, tulimuchaguaka sisi benyewe, lakini hatuyamuonaka tena." Na wengine wanawajibu: hata akikuja, atafanya nini? Hana kashe. Hilo ndilo ulizo tunataka kupima hapa. Kati ya mwenye kuchaguliwa na mwenye kuwekwa ku kiti kwa barua, ni nani anatutawala kweli?

Tuanze na mutoto. Kodi ya Familia ilirekebishwa mwezi wa Julai 2016 na wabunge wenye kuchaguliwa. Mutoto anaandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kazi ni bure. Sheria nzuri. Sasa nenda nayo ku biro. Mara nyingi utasikia: "Baba, leta kwanza kitu kidogo ya kashe." Bunge la Kinshasa liko na viti 500. Watu wale walijadiliana, wakapiga kura, Rais akatia mukono. Kisha mutu mumoja nyuma ya meza, bila kura na bila mujadala, akafuta neno "bure". Ni nani mwenye nguvu?

Usijibu mbio. Yule mutu nyuma ya meza, mara nyingi anangoja tangu miaka jina lake liingie mu listi ya mishahara ya serikali. Wafanyakazi wa namna hii ni wengi sana mu inchi yetu. Simutetei, maana mama mwenye kutoka maternite hapaswi kulipa deni ya serikali. Lakini bajeti yenye kumuacha bila mushahara inapigiwa kura kila mwaka na wale tuliowachagua. Kwa hiyo nguvu yake alipewa. Mwenye kuchaguliwa alitoa sheria, akasahau kuifuata mpaka ku meza.

KATANGA ILIANZA NA KAMATI

Mu inchi nyingine serikali ilizaliwa kwanza, makampuni yakafuata. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tangu 1900 mpaka 1910 Katanga yote iliongozwa na Comité Spécial du Katanga, kamati ambamo dola la Mfalme Leopold II lilikuwa na sehemu mbili juu ya tatu na kampuni ya wafanya-biashara sehemu moja. Kamati ile ilikuwa na polisi, ilikuwa na ardhi, ilitoa amri. Mu 1906 Union Minière ikaundwa. Mu 1910 muji wa Élisabethville ukaanza. Wazee wetu waliingia mu kampi, kampuni ikawapa nyumba, posho, masomo ya watoto, hospitali. Walisema kampuni ni baba na mama. Ni kweli ililisha. Lakini baba ule hakuna mutu alimuchagua, na wakati wafanyakazi waligoma Desemba 1941 juu ya mushahara, askari waliwapiga risasi hapa Lubumbashi, ku kiwanja cha mupira, tarehe 9. Gavana wa wakati ule aliwekwa na Wabeljiki. Direktere wa kampuni aliwekwa na wenye mali kule Brussels. Mufanyakazi hakuwa na mutu wa kumupelekea neno.

Uchaguzi wa kwanza mu muji huu ulifanyika Desemba 1957. Wanaume peke yao walipiga kura, mu komine za weusi: Albert (leo tunaiita Kamalondo), Kenya, Katuba, Ruashi. Tukapata burgumestri weusi kwa mara ya kwanza, na watu walifurahi sana. Lakini angalia vile mambo yalipangwa. Juu ya wote alikaa burgumestri wa kwanza wa muji, Mubeljiki, naye aliwekwa na serikali ya koloni. Feza kubwa, polisi, ardhi, yote yalibaki juu, mu mikono ya wenye kuwekwa.

Na kisha? Wengi wa wale walioshinda walikuwa wenye asili ya Kasai. Maneno yakaanza: wageni wametukalia. Mu Oktoba 1958 chama cha Conakat kikaundwa, na moja ya sababu ilikuwa ule uchungu wa kura. Nakuomba usimame hapa kidogo, maana kwangu hii ndiyo sehemu nzito ya habari yote. Watu wa muji mumoja, wenye kufanya kazi mu shimo moja, waligombana juu ya viti vyenye hakukuwa nguvu nyingi ndani yake. Mwenye nguvu ya kweli alikuwa ku biro ya kampuni na ku biro ya gavana, na hakuna mutu alienda kumusumbua kule. Kiti chenye heshima tupu kinawasha ugomvi kupita kiti chenye kazi, sababu hakuna kitu kingine cha kukipimia isipokuwa kabila ya mwenye kukikalia. Mu 1992 na 1993 tuliona tena matunda yake: familia za asili ya Kasai zikilala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi, zikingoja treni. Gavana wa wakati ule aliwekwa kwa karatasi. Wakubwa wa Gécamines vilevile. Nani alisumbuliwa? Jirani.

ELFU KUMI BILA KURA HATA MOJA

Wenye miaka makumi mane na zaidi wanakumbuka 2003. Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 470.000 za shaba mu 1986, ilikuwa imeanguka mpaka chini kabisa. Mishahara haikutoka kwa miezi na miezi. Ndipo ikakuja ile operesheni ya kutoka kazini "kwa kupenda". Watu 10.655 walitolewa, na feza za kuwalipa zilitoka Benki ya Dunia.

Uliza sasa: nani alikata shauri hilo? Benki ya Dunia haikuchaguliwa na mutu wa Katuba. Kamati ya Kinshasa yenye kusimamia marekebisho ya makampuni ya serikali iliwekwa. Na wabunge je? Wabunge wa 2003 walikuwa wa kipindi cha mpito: walitumwa na vyama na makundi ya vita, kufuatana na mapatano ya Pretoria na Sun City. Uchaguzi ulikuja tarehe 30 Julai 2006, miaka mitatu nyuma. Maana yake ni hii: jambo lenye kupindua maisha ya familia nyingi kupita yote mu Katanga ya miaka hii lilikatwa wakati hakukuwa hata depite mumoja mwenye kuchaguliwa mu inchi yote. Baba alirudi nyumbani na bahasha. Feza iliisha. Watoto wakaacha masomo, wengine wakaenda kuchimba na mikono. Kwa miaka mingi wazee wale walishika mafaili yao, biro kwa biro, na kila biro ilisema: sisi hatukukata lile shauri.

Kisha mugeni, Paul Fortin wa Kanada, aliongoza Gécamines mpaka 2009. Kuanzia 2010 mpaka Desemba 2021 mwenye kukaa mbele ya baraza lake alikuwa Albert Yuma, mwenye kuwekwa na Rais. Wakati ule wabunge walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, mara mbili, mara tatu. Mu 2017 Kituo cha Carter, cha Marekani, kilitoa uchunguzi: kati ya 2011 na 2014, kwa dolari bilioni 1,1 za migodi zilizopaswa kuonekana mu hesabu za Gécamines, karibu milioni 750 hazikufuatika vizuri. Kampuni ilikataa mashtaka. Lakini musomaji, hata bila kuhukumu, kamata hili moja: hesabu ile ilifanywa na wageni. Bunge letu liko na haki ya kuita, ya kuuliza, ya kuunda tume ya uchunguzi. Haki ile si kidogo hata.

TUSIWATUPIE JIWE HARAKA

Mutu angesema basi: waliowekwa ni wabaya, waliochaguliwa ni wazuri lakini zaifu. Hapana, haiko vile.

Tazama mapatano ya Wachina ya 2008, ya kampuni Sicomines kule Kolwezi: shaba na kobalti kwa barabara na hospitali za dolari bilioni tatu. Miaka ikapita. Mu Februari 2023 ni Inspection Générale des Finances, watu wenye kuwekwa, wenye kutumika chini ya Rais, walioandika kwamba kwa majengo na barabara zilikuwa zimetoka milioni 822 tu. Mapatano yakafunguliwa tena, na mu Machi 2024 sehemu ya barabara na majengo ikapandishwa mpaka bilioni saba. Wabunge wa vipindi vitatu walipita mbele ya mapatano yale. Mwenye kupiga kengele alikuwa mutu wa barua.

Na tazama upande mwingine pia. Sheria mpya ya migodi, ile ya tarehe 9 Machi 2018, ilipigiwa kura mu bunge. Wakubwa wa makampuni makubwa ya dunia walisafiri wao wenyewe mpaka Kinshasa kuonana na Rais, wakiomba ibadilishwe. Haikubadilishwa. Kwa hiyo wakati waliochaguliwa wanataka, hata Glencore inangoja ku mulango. (Hapa kuko neno la kuchekesha kidogo: bunge lile lilichaguliwa mu 2011 kwa miaka mitano, muda wake ulikuwa umekwisha. Na madepite wa jimbo wa 2006 walibaki ku viti mpaka uchaguzi wa Desemba 2018, miaka kumi na mbili. Mutu wa namna hii, tumuite mwenye kuchaguliwa ao mwenye kujiweka?)

Na nguvu ya mwenye kuwekwa, ni ya nani? Leo anapita na motoka mbele na motoka nyuma. Kesho jioni RTNC inasoma ordonansi ya Rais, na asubui simu yake haiiti tena. Nguvu inakaa kwa mwenye kuweka na kuondoa. Wenye kuchaguliwa nao wanajua. Gavana wa jimbo, Katiba inasema achaguliwe na madepite wa jimbo. Lakini wakati Katanga iligawanyika mara ine mu 2015, komisere wa pekee walitumwa kutoka Kinshasa kuongoza majimbo mapya, na magavana wa kwanza walichaguliwa tu mu Machi 2016. Tangu rekebisho la Januari 2011, Rais anaweza kuondoa gavana ao kuvunja bunge la jimbo kama kuko matata makubwa. Kule Ituri na Kivu ya Kaskazini, Mei 2021, utawala wa kiraia uliwekwa pembeni, wanajeshi na polisi wakachukua viti. Na feza? Katiba, kifungu cha 175, inasema jimbo libakize 40% ya mapato ya serikali kuanzia pale pale yanapoingia. Kwa kweli feza zilipanda Kinshasa, zikarudi kidogo, zikichelewa. Gavana na madepite wake walichaguliwa. Walingoja sahihi ya mutu wa hazina.

Sisi watu wa kanisa tusijifiche nyuma ya mulango. Mwenye kuongoza CENI, tume yenye kuhesabu kura zako, anatoka kwa madini: ni viongozi wa makanisa na wa Waislamu wanaokaa pamoja na kumutaja. Mu 2011 alikuwa pastere, Daniel Ngoy Mulunda, mutu wa kwetu Katanga, na matokeo ya mwaka ule yalibishaniwa sana. Mu 2021 madini sita yalimutaja Denis Kadima; Wakatolike na sisi wa Église du Christ au Congo tulikataa, bunge likamupokea. Haukutuchagua sisi kwa kura, musomaji, hata waamuzi tisa wa Korti ya Katiba wenye kusema neno la mwisho juu ya matokeo. Wote hawa wanasimama kati ya kidole chako chenye wino na mwenye kuapishwa.

ILE 15%

Sasa tushuke chini, kwenye feza ziko karibu na nyumba yako. Ile sheria ya 2018 iligawanya ushuru wenye kampuni inalipa juu ya madini yenye kutoka mu udongo, na ushuru wenyewe ni 3,5% kwa shaba na 10% kwa kobalti. Nusu inaenda kwa serikali ya Kinshasa. 25% kwa jimbo. 10% kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Na 15% inaenda moja kwa moja kwa komine, sekteri ao sheferi mwenye mugodi uko ndani yake. Haipitie Kinshasa. Juu ya hii, kampuni inatoa pia 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye kuzunguka mugodi.

Ni ushindi wa waliochaguliwa, tuseme wazi. Lakini kule chini nani aliipokea? Sheria ya Oktoba 2008 inasema burgumestri achaguliwe na baraza la komine, na baraza lichaguliwe na watu. Kwa kuwa mabaraza hayakuchaguliwa mpaka 2023, burgumestri wote waliwekwa kwa ordonansi. Shefu wa mila anakaa kwa damu na kwa desturi. Hivi, tangu 2018, feza nyingi kupita zote zilizowahi kufika ku komine ziliingia mu konti za watu wenye hakuna mutu wa hapo alikuwa na haki ya kuwasimamisha na kuwauliza. Wengine walijenga masomo na santé. Wengine walinunua motoka.

Mushauri wa komine, ile kura ya ine yenye wengi walipiga bila kuangalia jina, ndiye sheria inamupa kazi ya kuuliza. Baraza lenye kuchagua burgumestri linaweza pia kumuangusha kwa kura. Yule wa ordonansi anaangalia Kinshasa tu.

Lakini mu Desemba 2023 kura ya washauri ilifanyika tu mu komine za miji mikubwa ya majimbo. Lubumbashi ilichagua. Likasi haikuchagua, Kambove haikuchagua, Kipushi haikuchagua. Kule kwenye shimo liko, kwenye lori zinapita usiku na vumbi inaingia mu sufuria, ndiko watu hawakupewa mutu wa kuuliza juu ya 15%.

Ikiwa ni wewe unakaa kule, kuko jambo moja lenye unaweza kufanya bila kungoja uchaguzi. Kamati ya ITIE mu inchi yetu inatoa rapoti zenye kuonyesha kampuni gani ililipa feza ngapi, na kwa komine ao sheferi gani. Mutoto wako mwenye kusoma ku iniversite anaweza kuitafuta na kukusomea. Andika hesabu ya kwenu ku karatasi, kamata wazee wawili ao watatu, wamama wawili, mwende asubui ku biro. Msiende kugombana. Mumuambie burgumestri ao shefu: "Baba, hii njo feza yenye kampuni inasema ilikuleteaka. Tunaomba utuonyeshe yenye ilijenga." Kisha mukae ku benchi, mungoje jibu.